Baharia Asiyeweza Kushuka: Utumishi wa Lazima Baharini, Kutoka London hadi Jebel Ali

Discovery Gardens ni mtaa wa maghorofa mafupi uliojengwa na kampuni ya Nakheel kusini-magharibi mwa Dubai. Ubavuni mwake kuna jengo kubwa la maduka lililopewa jina la Ibn Battuta, msafiri aliyefika Mogadishu, Mombasa na Kilwa mwaka 1331. Mwendo mfupi wa gari kutoka hapo iko bandari ya Jebel Ali, iliyofunguliwa mwaka 1979, ambako meli za makontena hutia nanga pamoja na manowari za Marekani. Katika vyumba vya mtaa huu wanaishi Wakenya, Watanzania na Waganda wengi: walinzi, wahudumu wa hoteli, madereva, na wengine ambao bado wanatafuta kazi. Kwao bahari imo ndani ya riziki ya kila siku. Kwa hiyo suali la nani anaweza kumlazimisha mtu kutumikia chomboni linawahusu moja kwa moja.

Suali hilo huzungumzwa mara nyingi kama historia ya Waingereza tu, kwa sababu wao walikuwa na sheria iliyoruhusu kuwakamata watu mitaani na kuwapeleka manowarini. Lakini Bahari ya Hindi na Ghuba zina historia yao ya kulazimisha, na ndugu zetu wamo ndani yake. Nikizilinganisha historia hizi naona jambo moja linajirudia. Baharia halazimishwi kwa kupigwa tu. Hulazimishwa pale ambapo karatasi zake, mshahara wake na ngazi ya kushukia vimo mikononi mwa mtu mwingine. Na kila mahali ambapo kulazimisha kulikoma, kulikoma baada ya mabaharia kupata angalau kimojawapo kati ya hivyo vitatu. Huruma ya wakubwa pekee haikuwahi kutosha.

Ukamataji uliohalalishwa

Katika Uingereza ya karne ya 18, mfalme alidai haki ya zamani ya kuchukua mabaharia kwa ajili ya vita. Vikosi maalumu chini ya maofisa vilipita katika miji ya bandari, vikaingia mabaa na nyumba za kulala wageni, vikawachukua wanaume wenye dalili za kazi ya bahari. Sheria ya 1740 iliwaepusha walio chini ya miaka 18 na waliozidi 55. Wengi hawakukamatwa mjini bali baharini: meli ya biashara iliyokuwa ikirudi nyumbani ilisimamishwa, na baharia aliyekuwa safarini miezi mingi akahamishiwa manowarini kabla mguu wake haujakanyaga ardhi. Mwaka 1776, katika kesi ya Tubbs, Jaji Mansfield alikubali kwamba haki hiyo ya mfalme ilitokana na desturi ya tangu kale. Huyu ni yuleyule ambaye miaka minne kabla, katika kesi ya Somerset, alikataa mtumwa atolewe Uingereza kwa nguvu.

Mshahara wa baharia wa kawaida manowarini haukupandishwa tangu miaka ya 1650 hadi 1797. Hata huo mdogo ulicheleweshwa makusudi, ili mtu asitoroke akiacha haki yake nyuma. Chombo kilipofika bandarini, wengi walinyimwa ruhusa ya kushuka, au walihamishiwa chombo kingine. Mwaka 1797 mabaharia wa manowari zilizotia nanga Spithead walipogoma, madai yao ya kwanza yalikuwa mshahara na chakula, na baada ya mgomo huo mshahara ukapanda.

Karatasi nazo zilikuwa na thamani ndogo mbele ya ofisa aliyehitaji watu. Tangu 1796 Marekani iliwapa mabaharia wake hati zenye maelezo ya umbo na sura, lakini maofisa wa Uingereza mara nyingi walizipuuza. Tarehe 22 Juni 1807 manowari ya HMS Leopard iliipiga mizinga meli ya Marekani USS Chesapeake na kuwachukua mabaharia wanne. Mmoja, Jenkin Ratford, alinyongwa. Watatu wengine walikuwa Wamarekani. Ukamataji wa namna hiyo ulikuwa miongoni mwa sababu za vita vilivyotangazwa na Marekani mwezi Juni 1812.

Kwa Mwafrika hali ilikuwa na uchungu zaidi. Olaudah Equiano alitumika katika manowari za Uingereza wakati wa Vita vya Miaka Saba akiwa mali ya ofisa aliyeitwa Pascal. Alishiriki mapigano, akaamini kwamba utumishi huo ungempa uhuru. Mwishoni mwa 1762 bwana wake alimuuza upya. Ujuzi alikuwa nao, na ushujaa pia, lakini hakuwa na hati yoyote iliyosema kwamba yeye ni mtu wake mwenyewe.

Ukamataji huu haukufutwa kwa tamko. Mwaka 1815 vita vikubwa na Ufaransa viliisha na haja ikapungua. Sheria ya 1835 iliweka ukomo wa miaka mitano kwa aliyechukuliwa kwa nguvu. Mwaka 1853 ukaja utaratibu wa ajira ya kudumu ya miaka 10 yenye pensheni, na 1859 likaundwa jeshi la akiba la wanamaji. Serikali iliacha kukamata ilipokubali kulipa.

Kutoka vichochoro vya Unguja hadi vyombo vya lulu

Huku kwetu ukamataji ulifuata msimu. Karne ya 19, majahazi ya kaskazini yalipofika Unguja kwa pepo za kaskazi, wakazi waliwafungia watoto na watumwa wao ndani, maana baadhi ya mabaharia wa Sur, Oman, na wa pwani za Ghuba waliiba watu vichochoroni na kuwaficha vyomboni hadi kusi ilipoanza kuvuma. Mabalozi wa Uingereza waliandika malalamiko mwaka baada ya mwaka. Mikataba ya 1822, 1845 na hatimaye ule wa Sultani Barghash wa tarehe 5 Juni 1873 ilikaza marufuku hatua kwa hatua, lakini magendo yaliendelea, kwa sababu Ghuba ilihitaji mikono.

Mikono hiyo ilihitajika kwenye mitende na kwenye lulu. Kwa hesabu ya J. G. Lorimer, ofisa wa serikali ya Uhindi ya Waingereza aliyekusanya habari za Ghuba mwanzoni mwa karne ya 20, kazi ya lulu ilikuwa na vyombo zaidi ya 4,500 na watu zaidi ya 74,000. Wengi walikuwa Waarabu, lakini Waafrika na watoto wa Waafrika walikuwa sehemu kubwa ya wazamiaji. Mzamiaji alishuka na jiwe mguuni na kibanio puani, akaokota chaza kwa pumzi moja, kisha mwenzake aliye juu akamvuta kwa kamba. Kazi hiyo iliendelea kutwa nzima katika miezi ya joto kali. Mzamiaji mtumwa alipogawiwa fungu lake mwisho wa msimu, fungu hilo lilikwenda kwa bwana wake.

Aliyekuwa huru kwa jina naye alikuwa na kifungo chake. Kabla ya msimu nahodha alimpa mkopo wa kuilisha familia. Hesabu aliiandika nahodha, na mzamiaji asiyejua kusoma hakuweza kuipinga. Msimu ukiwa mbaya, deni likavuka mwaka. Hakuruhusiwa kuhamia chombo kingine bila cheti cha nahodha kinachotaja deni lililobaki, kilichoitwa barwa. Akifa, mwanawe alirithi deni hilo na kuingia majini kulilipa. Waingereza, waliojivunia kupiga vita biashara ya watumwa baharini, kwa miaka mingi hawakuigusa kazi ya lulu, maana mikataba yao ilikataza kusafirisha watumwa na haikukataza kuwamiliki, tena hawakutaka kuuvuruga uchumi wa masheikh.

Njia moja ya kutoka ilikuwa kufika kwa wakala wa Uingereza. Muscat, mtumwa aliyeushika mlingoti wa bendera katika ua wa ubalozi aliweza kudai uhuru. Sharjah, Bahrain na Bushire, mamia ya watu walitoa maelezo yao katika nusu ya kwanza ya karne ya 20 na kuomba hati ya uhuru. Wengi wao walifika baada ya 1929, mdororo wa dunia na lulu za kufugwa za Mjapani Kokichi Mikimoto zilipoiangusha bei. Mabwana waliacha kulisha watu waliokuwa hawawaletei faida. Bahrain, ambako barwa na hesabu za madeni zilikuwa zimerekebishwa katika miaka ya 1920, ilipata mafuta mwaka 1932, na mzamiaji akaona mahali pengine pa kuuza nguvu zake. Bahrain ilifuta utumwa 1937, Qatar 1952, Oman 1970.

Deni la baharia lilidumu kuliko utumwa. Alan Villiers, Mwaustralia aliyesafiri na jahazi la Kuwait kutoka Aden hadi Zanzibar na delta ya Rufiji mwaka 1938 na 1939, aliona mabaharia wote wakikopa kwa nahodha na kudaiwa naye, na nahodha mwenyewe akidaiwa na matajiri wa Kuwait. Mabaharia hao hawakufungwa minyororo. Hata hivyo hakuna aliyeweza kuondoka.

Manowari za Malkia na watu wa pwani

Manowari zilizowinda majahazi ya watumwa nazo ziliendeshwa kwa sehemu na Waafrika. Waingereza waliwaajiri Zanzibar, Aden, Bombay na Ushelisheli, wakawaita Masidi, na wengi wakawekwa kwenye tanuri za makaa kwa imani kwamba Mwafrika huvumilia joto. Hawa hawakukamatwa mitaani. Walikuja kutafuta mshahara, ingawa ulikuwa chini ya ule wa mzungu na ajira yao ilikuwa ya muda mfupi. Lakini uhuru wa kuchagua ulikuwa mwembamba. Katika mji wa Zanzibar kabla ya sheria ya 1897 ya kufuta utumwa, mtumwa aliyekodishwa kwa kazi ya ujira alitoa sehemu ya mapato yake kwa bwana. Na waliookolewa kutoka majahazi hawakurudishwa kwao: walipelekwa Aden, Bombay, Ushelisheli, na tangu 1875 Freretown karibu na Mombasa. Zaidi ya 2,000 walishushwa Ushelisheli, na wengi wakafungwa kwa mikataba ya kazi mashambani.

Wakati huohuo majahazi ya Sur yaligundua kinga nyingine, yaani bendera. Kwa kupeperusha bendera ya Ufaransa, nahodha wa Oman alikwepa kupekuliwa na Waingereza. Mvutano huo ulifika kwenye mahakama ya usuluhishi ya The Hague, ambayo tarehe 8 Agosti 1905 ilibana sana idadi ya Waomani waliostahili bendera hiyo. Hukumu hiyo ingali na uzito leo. Nchi inayotoa bendera yake kwa chombo isichokijua inawafungia mlango watu waliomo ndani.

Lazima ya halali na lazima ya dhuluma

Yupo atakayeuliza kama kila utumishi wa lazima ni dhuluma. Nchi ina haki ya kujilinda, na raia ana wajibu kwake. Mkataba wa Kazi za Lazima wa 1930 wa Shirika la Kazi Duniani, ILO, unatambua hilo: unakataza kazi inayotolewa kwa tishio la adhabu bila mtu kujitolea, lakini unaacha nje utumishi wa kijeshi uliowekwa na sheria kwa kazi za kijeshi hasa. Emirates yenyewe iliweka sheria ya jeshi la lazima mwaka 2014. Inawahusu raia wa kiume, ina umri unaojulikana na muda unaojulikana. Mkazi wa kigeni wa Discovery Gardens haimgusi.

Tofauti iko hapo. Utumishi wa halali hutangazwa mapema, huwabana wote walio katika kundi moja, una tarehe ya mwisho, na anayetumikia ni raia wa nchi anayoipigania. Vikosi vya London viliwabana mabaharia maskini peke yao, bila kuwapa tarehe ya kurudi. Afrika Mashariki iliyajua hayo katika Vita vya Kwanza vya Dunia: serikali ya Uingereza ilitunga sheria ya kuandikisha wapagazi mwaka 1915, na 1917 ikawakusanya wanaume kwa wingi kutoka vijijini Kenya. Hesabu rasmi ya vifo ilizidi 40,000. Majina ya Kariakor ya Nairobi na Kariakoo ya Dar es Salaam yametokana na kikosi hicho cha wapagazi, Carrier Corps.

Tumeyaona pia siku hizi. Mwanafunzi Mtanzania aliyekuwa amefungwa gerezani Urusi aliahidiwa msamaha akiingia vitani, na mwaka 2022 akafa Ukraine. Serikali ya Tanzania ilithibitisha habari hiyo Januari 2023. Novemba 2025 serikali ya Kenya ilisema zaidi ya raia wake 200 huenda wameingia katika vita hivyo upande wa Urusi, na wapo waliosema walidanganywa kwa ahadi za kazi za kawaida. Saini iliyopatikana kwa udanganyifu, au kwa mtu aliye kifungoni, haiondoi ulazima.

Nanga ya leo

Kulazimisha kwa bunduki hakujaisha baharini. Oktoba 2010 maharamia wa Kisomali waliiteka meli ya uvuvi Golden Wave karibu na Lamu. Ilikuwa na watu 43, na 39 kati yao walikuwa Wakenya. Iliachiwa Februari 2011. Katika miaka ile maharamia walikuwa na desturi ya kuzigeuza meli walizoteka kuwa vituo vya kushambulia nyingine, mabaharia wakiendesha mitambo huku wameelekezewa mitutu.

Lakini lazima iliyoenea zaidi ni ya kimya. Mwenye meli anafilisika au anatoroka, mshahara unakoma, mafuta na chakula vinakwisha, na mabaharia wanabaki nangani. Hawawezi kushuka, kwa sababu hawana viza, bandari haitaki chombo kibaki bila watu, na wakiondoka wanaogopa kupoteza mishahara wanayodai. Januari 2021 meli ya mafuta MT Iba ilisukumwa na mawimbi hadi ufukwe wa Umm Al Quwain ikiwa na mabaharia watano, baada ya zaidi ya miaka mitatu ya kutelekezwa. Huko Suez, baharia mmoja wa Syria aliteuliwa kuwa mlinzi wa kisheria wa meli iitwayo Aman iliyozuiliwa 2017, akabaki nayo hadi Aprili 2021, sehemu ya muda huo peke yake. Shirikisho la wafanyakazi wa usafirishaji, ITF, lilihesabu meli 312 na mabaharia 3,133 waliotelekezwa duniani mwaka 2024, na maji ya Emirates yalikuwa miongoni mwa yaliyokuwa na meli nyingi za aina hiyo.

Kinga ipo kwenye maandishi. Mkataba wa Kazi za Mabaharia wa 2006, ulioanza kutumika Agosti 2013, unamkataza wakala kumtoza baharia ada ya kumpatia kazi. Tangu Januari 2017 unamtaka mwenye meli awe na bima ya kumrudisha baharia kwao na kulipa hadi miezi minne ya mshahara, na asipolipwa miezi miwili anahesabiwa ametelekezwa. Kenya iliuridhia 2014 na Tanzania 2019. Lakini mkataba huu unaviacha nje vyombo vya jadi kama majahazi, na pia vyombo vya uvuvi, ambavyo vina mkataba wao wa 2007. Baharia wa jahazi la mbao, mrithi wa kazi iliyoujenga ufukwe wetu, ndiye aliye na kinga ndogo kuliko wote.

Ziko pia bendera zetu. Zanzibar huandikisha meli za kigeni chini ya bendera ya Tanzania. Mwaka 2012 iligundulika kwamba wakala aliyekuwa Dubai alikuwa ameandikisha meli za mafuta za Iran, na serikali ikazifuta. Januari 2018 uandikishaji wa meli za kigeni ulisitishwa kwa muda baada ya baadhi kukamatwa na shehena haramu. Bendera za Tanzania na Komoro zimeendelea kuonekana mara kwa mara kwenye orodha za meli zilizotelekezwa. Hapa hatuwezi kuwalaumu wageni peke yao. Meli ikibeba bendera ya nchi, mabaharia wake, wawe Wahindi au Wasyria, ni amana ya nchi hiyo.

Hukumu

Upande wa pili una hoja: baharia alisaini kwa hiari, hakuna aliyemvuta. Mzamiaji wa lulu naye alipokea mkopo kwa hiari, na mwanawe akazaliwa ndani ya deni. Kusaini hakutoshi kumfanya mtu kuwa huru. Aliyesaini lazima aweze pia kusema basi, akalipwa alichokifanyia kazi na akaenda zake.

Kwa hiyo serikali za Kenya, Tanzania na Zanzibar zina kazi tatu zilizo ndani ya uwezo wao. Zifute kwenye daftari zao kila meli isiyo na bima ya mabaharia. Zitunge sheria zao wenyewe za kumlinda baharia wa jahazi, bila kungoja mkataba wa dunia. Na ofisi zao katika Emirates ziwe na mtu anayejulikana kwa jina na simu, ambaye baharia aliye nangani anaweza kumfikia.

Nawe ndugu uliye Discovery Gardens, uliyeahidiwa kazi ya meli: usimlipe wakala senti. Soma jina la meli, bendera yake na jina la mwenye meli kabla ya kusaini, ukabaki na nakala ya mkataba. Pasipoti ni yako, na sheria ya kazi ya Emirates inamkataza mwajiri kushikilia nyaraka za mfanyakazi. Ukiambiwa uzikabidhi nyaraka zako na mshahara utaujua ukishafika chomboni, usipande.